Kosa la Ishirini

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mzee Subiri, na hakuna aliyemwonea. Ukimpelekea fremu ya dirisha ukamwuliza kioo kitakuwa tayari lini, alisema, "Subiri." Ukirudi kesho yake, "Subiri kidogo." Ukirudi kesho kutwa ungemkuta ameinamia meza yake ileile, kikatio mkononi, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, na bila kuinua kichwa angekwambia neno lilelile kwa upole uleule, mpaka wewe mwenyewe ukaona haya kwa kuwa na haraka. Wahenga walisema subira huvuta heri. Majirani walisema ya huyu huvuta buibui, maana fremu za watu zilikaa zimeegemezwa ukutani mpaka zikapata wapangaji.

Mkewe naye alipoteza jina zamani. Alikuwa Mwalimu kwa kila mtu, hata kwa mumewe. Miaka thelathini alifundisha hesabu darasa la nne, akasahihisha madaftari nyumbani huku mume akikata vioo upande wa pili wa ukuta, na miaka yote hiyo wawili hao waliitana "Fundi" na "Mwalimu" kama watu waliojuana ofisini. Mgeni angedhani wamenuniana. Waliowajua walijua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mahaba yao.

Mwalimu alikuwa na daftari moja lisilo la mwanafunzi yeyote. Humo aliandika makosa. Hakuandika majina ya waliokosea, aliandika makosa yenyewe, kila moja na namba yake, kama daktari aorodheshaye magonjwa. Kosa la kwanza: mtoto anajumlisha nusu na theluthi, anaweka za juu pamoja na za chini pamoja, anapata mbili ya tano. Kosa la nne: anadhani thumni ni kubwa kuliko robo kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Kosa la tisa: kwenye kutoa hataki kukopa kwa jirani, basi anatoa kidogo kwenye kikubwa popote kilipo, na hamsini na mbili toa thelathini na nane inakuwa ishirini na sita.

"Mtoto hakosei ovyo," alikuwa akisema. "Anakosea kwa akili zake. Ukijua alipitia njia gani, utamkuta huko aliko umrudishe."

Alipostaafu, kampuni moja ya masomo ya mtandaoni ikapata habari za daftari lile. Walikuwa wanatengeneza mazoezi ya sehemu na hesabu za msingi, ya kufanyia kwenye simu na tableti. Wakampa simu ya kurekodia, wakamwomba aweke sauti yake: mtoto akikosea, mtambo utatambua ni kosa la aina gani, na sauti ya Mwalimu itatokea kumweleza. Walitaka pia awasifu wanaopata. Mwalimu akakataa. "Anayepata mpigieni kengele tu, inamtosha," akasema. "Aliyekosea ndiye anayetaka mtu."

Basi stoo iliyo nyuma ya karakana ikageuka studio. Aliegemeza godoro mlangoni kuzuia kelele, akajifunika blanketi kichwani, akazungumza na simu humo gizani kama mtu anayeungama. Kelele zenyewe zilikuwa za mumewe. Kikatio kikipita juu ya kioo kinalia kriii, na kriii ile ilipenya godoro, blanketi na kila kitu.

"Fundi, kinyamazishe hicho chombo dakika tano tu!"

"Subiri, namalizia hiki."

Akimaliza hiki anaanza kile. Mwishowe Mwalimu akaacha kulalamika, na ndiyo maana ukisikiliza vizuri mazoezi yale, nyuma ya sauti yake kuna mtu anakata kioo.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi. Mzee alikuwa na vioo sita vya madirisha ya zahanati. Alikuwa kwenye cha pili aliposikia kutoka stoo, "Fundi!" kisha maneno mengine ambayo godoro liliyameza nusu na kikatio kikameza nusu iliyobaki. Akapaza sauti, "Subiri!" Akakata cha pili. Akakata cha tatu, na cha nne. Alipokwenda kusukuma godoro, nusu saa ilikuwa imepita. Mwalimu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, blanketi mabegani, simu mapajani. Alikuwa ameshakata roho.

Daktari alisema ni moyo. Alisema hutokea hivyo, ghafla, hata angekuwa na watu kumi chumbani. Waombolezaji walikuja wakasema amekwenda kwa amani, na Mzee akawaitikia mmoja mmoja. Watu wa kampuni nao walikuja kutoa pole na kuchukua simu yao, wakasema rekodi zote wamezipata, hata ile aliyoituma asubuhi ileile, na kwamba wataitumia kama ilivyo kwa kuwa hakuna tena wa kuirudia. Mzee hakumwambia mtu yeyote kwamba aliitwa. Angeweza kuwaomba wale vijana wamsikilizishe rekodi ya siku ile, lakini kuomba kungetaka kueleza sababu, na sababu hakuwa na ulimi wa kuitamka.

Alimwita kumwambia nini? "Fundi, nashindwa kupumua"? "Fundi, njoo unishike"? Au yale ya siku zote, "Fundi, nyamazisha hicho chombo"? Swali hilo lilikaa naye mezani, likalala naye, likaamka kabla yake. Godoro liliachwa palepale lilipoegemezwa. Mchana kweupe, katikati ya kriii ya kikatio, alikuwa akiacha kazi ghafla na kutega sikio kuelekea stoo, mteja naye akatega lake, na wote wawili wasisikie kitu.

Miaka mitatu ilipita hivyo.

Kisha akaja Kidoti. Huyu ni mjukuu wake, mtoto wa binti yake wa pekee, aliitwa hivyo kwa ajili ya alama ndogo nyeusi juu ya mdomo. Alikuwa na miaka kumi, na mama yake alikuwa amehamishiwa zamu ya mchana kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kwa hiyo kila siku saa nane Kidoti alitoka shule akaja karakana, akakaa kwenye ncha ya meza ya vioo, mbali na makali, akafungua tableti ambayo shule iliwaazima watoto wa darasa la nne. Kila mtoto alikuwa na namba yake ya siri na ngazi zake za kupanda, kumi kwa jumla.

Siku ya kwanza Kidoti alijibu maswali matatu, kengele ikalia mara tatu. La nne akaandika mbili ya tano.

"Ngoja kwanza, mwanangu," ilisema tableti. "Umejumlisha za juu, ukajumlisha na za chini. Sasa nitazame mimi. Ukiwa na nusu ya mkate mkononi, nikakuongezea kipande, inawezekanaje ubaki na kidogo kuliko nusu?"

Kioo kikamponyoka Mzee kikavunjika miguuni pake. Alisimama katikati ya vipande asiweze kwenda mbele wala nyuma. Sauti ilikuwa ileile, na uvumilivu ule wa kukuudhi. Na nyuma yake, mbali kidogo, kriii.

"Babu, usisogee, utajikata!" Kidoti akapiga kelele. Kisha akamtazama. "Ni Bibi, eeh? Mama aliniambia yumo."

"Hebu kosea tena," Mzee akasema.

Kidoti akacheka, akidhani ni utani. Hakuwa anatania.

Ndivyo lilivyoanza lile jambo ambalo, tuseme ukweli, mtu mzima hakupaswa kulifanya. Mzee alitoa daftari la mkewe kabatini. Yalikuwa yameandikwa makosa kumi na tisa, na chini yake, peke yake, namba ishirini, mbele yake patupu. Akajipa jibu lake: la ishirini ndilo la siku ile. Alilirekodi, akafa kabla hajaliandika. Kwa hiyo huko ndani ya mtambo, nyuma ya kosa fulani, Mwalimu alikuwa bado anamwita, na yeye angeyasikia maneno yale hatimaye, yawe mema au mabaya. Ilikuwa ni kukosea tu mpaka ufike.

Tableti zilikwenda shule Jumatatu na Alhamisi tu. Siku nyingine Kidoti aliiacha karakana ili isipotee, na Mzee, aliyekuwa ameshaishika namba ya siri kwa kumtazama tu mjukuu akibonyeza, aliingia asubuhi kwa jina la mtoto. Alikosea la kwanza, akakosea la pili. Kila aliposikia kosa jipya alilitia alama kwenye daftari kwa kalamu ya kuchorea kioo. Wateja walisimama mlangoni. "Subiri," akawaambia, na safari hii hata kikatio hakikuwa mkononi.

Mchana alimsaidia mjukuu. Yaani, ndivyo alivyoiita kazi ile.

"Robo na thumni, ipi kubwa?" Kidoti anasoma. "Robo."

"Una hakika? Nane si inazidi nne?"

"Lakini Babu..."

"Jaribu hiyo nyingine, tuone itasemaje."

Kidoti anabonyeza, na Bibi anatokea na keki yake, keki moja inayogawanywa watu wanne na keki moja inayogawanywa watu wanane, nani atalala na njaa? Mzee anafumba macho. Kidoti anamtazama babu yake aliyefumba macho, kisha anatazama skrini, kisha anaendelea.

Mtambo ule ulitengenezwa uwe na huruma. Mtoto akikosea sana, ulimrudisha chini akajiimarishe. Kidoti alikuwa amefika ngazi ya sita kwa jasho lake. Jumatano akajikuta ya tatu.

"Babu, mbona niko ya tatu? Jana si nilikuwa ya sita?"

"Mashine hizi," Mzee akasema, akaangalia pembeni.

Wiki iliyofuata alipanda tena hadi ya tano, akaamka yuko ya pili. Akaanza kuiogopa tableti. Alimwambia mama yake kwamba humo ndani kuna kitu kinachofuta hesabu zake akiwa hayupo, na mama akamwambia aache kutazama sinema za kutisha. Akaanza pia kuogopa majibu yake mwenyewe. Akiona robo ni kubwa kuliko thumni, sauti ndogo ilimwuliza, una hakika? Na sauti ile ilikuwa ya babu yake, mtu ambaye hajawahi kumdanganya.

Siku ya Jumatatu, mwezi wa pili wa mambo hayo, Mzee aliitwa shuleni.

Mwalimu wa hesabu alikuwa kijana mwembamba aliyevaa shati lililonyooshwa upande wa mbele tu. Alimpa mzee kiti, yeye akakaa juu ya dawati.

"Mzee wangu, Kidoti amepata matatu kwa ishirini. Muhula uliopita alipata kumi na sita."

Mzee akaanza kuinuka, kana kwamba ameshaambiwa yote.

"Si hilo tu lililonifanya nikuite." Akamsogezea karatasi iliyotoka kwenye mtambo. "Hii ni ripoti ya mazoezi ya nyumbani. Mtoto asiyejua hurudia kosa moja, mawili. Huyu anayo yote, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Na tazama hapa. Makosa arobaini na moja, siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Saa nne Kidoti alikuwa hapa, amekaa pale, ananiuliza ruhusa ya kwenda chooni."

Chumba kilikuwa na harufu ya chaki na mihogo ya kuchemsha. Mzee aliitazama ile arobaini na moja. Hakukumbuka kwamba zilikuwa nyingi hivyo.

"Mimi nimefundishwa na mkeo," kijana akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Kosa la tisa ni langu. Sikutaka kukopa hata kidogo, nikampa kazi muhula mzima. Nikimsikia humo ndani huwa najikuta nimekaa wima." Akakunja ripoti mara mbili, akampa. "Mkuu wa shule anataka mtoto arudie darasa. Nimeomba apewe mtihani mwingine, Ijumaa hii asubuhi. Akishindwa huo, sina tena la kumtetea. Nisaidie, mzee wangu."

Mzee alirudi kwa miguu. Alikuwa amemwibia mtoto. Alilijua hilo tangu ile siku ya ngazi ya tatu, asijidanganye, na alikuwa ameendelea kwa sababu yamebaki matatu, yamebaki mawili, limebaki moja. Yote kumi na tisa alikuwa ameshayasikia. Hakuna hata moja lililokuwa na mtu anayeitwa. Ile Ijumaa ya makosa arobaini na moja alikuwa analitafuta la ishirini, akiandika majibu ambayo hakuna mtoto duniani angeyaandika, na mtambo ukamjibu kila mara kwa sauti ya mkewe, "Sijakuelewa, mwanangu. Soma swali tena."

Siku tatu alishindwa kumwambia mjukuu. Aliacha kuingia asubuhi, aliacha kumpotosha mchana, lakini Kidoti sasa alikosea bila msaada wa mtu.

Alhamisi saa tisa, Kidoti aliweka tableti mezani, akaifunika kwa viganja viwili.

"Babu. Ni wewe, si ndiyo?"

"Nini?"

"Unayeingia nikiwa shule. Kuna mahali inaandika saa. Mwalimu wetu wa hesabu alituonyesha leo."

Mzee akavua miwani akaifuta kwa shati, na shati lilikuwa na vumbi la kioo, kwa hiyo akaiharibu zaidi.

"Ni mimi."

"Nilijua," Kidoti akasema. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hata mimi siku nyingine nakosea makusudi. Nikikuona umenyamaza sana. Nakosea la keki, kwa sababu ukisikia la keki unatabasamu." Akafikiri. "Kwenye mtihani niliandika la keki. Mkono ulishazoea."

Kama angemtukana, Mzee angejua la kufanya. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia mbele ya mtoto, jambo ambalo hakulifanya hata mazikoni. Kisha akamwambia. Alimwambia mtoto wa miaka kumi kile alichowaficha binti yake, daktari na mtaa mzima: kwamba Bibi aliita, kwamba yeye alisema subiri, kwamba alikata vioo vitatu, na kwamba hajui aliitwa kwa jambo gani. Akamwonyesha daftari na ile ishirini tupu.

Kidoti alilisoma daftari taratibu, kidole kikishuka chini ya kila mstari. Lilimchukua muda. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, kengele yake ikilia bila sababu.

"Babu," akasema mwishowe, "umekosea yote?"

"Yote, na mengine ya kubuni."

"Mimi je, nimewahi kumaliza ngazi ya kumi bila kukosea hata moja?"

"Utamalizaje na mimi nakurudisha chini?"

"Hapo ndipo hatujafika." Akaweka kidole kwenye nafasi tupu. "Labda Bibi hakusahau kuandika. Labda hilo ni la mtu ambaye hakukosea, kwa hiyo hakuwa na cha kuandika."

Mzee alitaka kusema kwamba Mwalimu alikataa kuwasemesha wanaopata. Lakini nani alijua alibadili mawazo mangapi chini ya lile blanketi.

Walianza ngazi ya pili. Mzee aliufunga mdomo wake kama anayeshika misumari kwa meno. Kidoti alijibu, kengele ikalia. Akajibu, ikalia. Mara kadhaa kidole chake kilisimama juu ya jibu sahihi, akamtazama babu yake, naye akatazama dari. Kwenye ngazi ya nne alikosea kweli, kosa la kwanza lilelile, na Bibi akaja na mkate wake. Hakuna aliyefumba macho. Walisikiliza mpaka mwisho, Kidoti akarekebisha, wakaanza ngazi ile upya.

Saa kumi na nusu wakafika ya kumi. Maswali ishirini. Kumi na saba yalikwenda vizuri. La kumi na nane lilikuwa robo tatu kutoa theluthi, na Kidoti akakwama. Aliandika mbili, akaifuta. Akaisukuma tableti kuelekea kwa babu yake.

"Nisaidie, Babu. Kweli safari hii."

Mzee alitafuta maneno ya Mwalimu kichwani, hakuyapata. Akachukua futi yake ya mbao, iliyochakaa pembe zote, akailaza mbele ya mtoto.

"Mimi najua vioo tu. Futi moja ina inchi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mteja anataka kioo cha robo tatu ya futi. Nimkatie inchi ngapi?"

Kidoti akahesabu kwa kidole. "Tisa."

"Ameghairi. Anasema nikipunguze theluthi ya futi."

"Inchi nne." Akazihesabu akirudi nyuma. "Zinabaki tano. Tano katika kumi na mbili!"

Kengele ikalia. Miaka arobaini Mzee alikuwa amekata sehemu kila siku ya Mungu bila kujua kwamba anazijua. La kumi na tisa likapita. La ishirini Kidoti alilisoma mara tatu kwa sauti, akajibu, akaondoa mkono haraka kana kwamba tableti ina moto.

Kengele. Nyota zikacheza zikaisha. Skrini ikawa nyeupe, kimya, na Mzee alikuwa ameshaanza kuinuka aliposikia blanketi likichakarika.

"Ishirini kwa ishirini," ilisema sauti ya mkewe, karibu kabisa, na kwa mbali kriii. "Leo sina la kukurekebisha, mwanangu. Wewe umeshanipita. Sasa funga daftari, nenda nje ukacheze."

Blanketi likachakarika tena. Kitu kikagonga ukuta. Kisha sauti ileile, imegeukia upande mwingine, imepanda:

"Fundi! Njoo usikie, nimemaliza ya mwisho!"

Kriii. Na kutoka mbali sauti ya mwanamume, yenye nguvu, isiyo na habari ya lolote:

"Subiri!"

Mwalimu akacheka. Alicheka kile kicheko chake kifupi cha puani, cha mtu aliyejua jibu kabla ya kuuliza.

"Haya," akasema, polepole, peke yake. "Nasubiri."

Ikaishia hapo.

Kidoti alikuwa wa kwanza kusema. "Hakuwa anaumwa, Babu. Alikuwa anacheka."

"Alikuwa anacheka," Mzee akakubali. Miaka mitatu alikuwa amejiandaa kusikia kilio. Kicheko hakukiandalia chochote. Alifurahi mpaka kifua kikauma, na papo hapo akaona uchungu mpya ambao hakuwahi kuufikiria: hakuitwa kuokoa mtu, aliitwa asikilize tu, jambo la dakika moja, naye akaona vioo vya zahanati ni muhimu zaidi. Hilo halikuwa na dawa. Lakini sasa alijua kosa lake ni lipi.

Kwenye skrini kulikuwa na vitufe viwili, Rudia na Toka. Kidoti alisogeza tableti mbele ya babu yake, akaweka mikono yake mgongoni.

Mzee alivitazama vyote viwili. "Una mtihani kesho," akasema. "Zima, ikapumzike."

Kesho yake Kidoti alipata kumi na saba, tusimwongezee. Moja kati ya matatu aliyokosa lilikuwa la kukopa, na mwalimu wake inasemekana alicheka peke yake alipolisahihisha.

Lakini hiyo ilikuwa kesho. Alhamisi ile Mzee alikwenda stoo, akalishika godoro kwa mikono miwili, akaliondoa mlangoni. Lilikuwa jepesi kuliko alivyokumbuka, na lilipotoka mwanga uliingia mpaka ukuta wa nyuma. Alikuwa bado amelikumbatia, hajui aliweke wapi, machozi na vumbi vikimpa uso wa ajabu, ndipo mtu akaita kutoka mlango wa mbele. Alikuwa jirani, mama wa nyumba ya pembeni, aliyekuja mara ya sita kuulizia kioo cha jiko.

"Fundi! Upo?"

Kidoti, mezani, akainua kichwa kusikiliza babu atajibu nini, ingawa mtaa mzima ulijua atajibu nini. Jirani naye alijua. Alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Nakuja," Mzee akasema, akalitupa godoro chini, akaenda.